Fundi Aliyewauliza Abiria Kwanza

Ukimpelekea Fundi gari iliyokataa kuwaka, hakuigusa. Hilo lilikuwa jambo la kwanza kuwaudhi watu. Mtu amesukuma gari yake kutoka njia ya Oraba, jasho limemlowesha mpaka kwenye soksi, anataka kuona boneti juu na kusikia spana zikilia. Fundi anaizunguka tu kama anayenunua ng'ombe, anapangusa mikono ambayo hata haijachafuka, kisha anauliza, "Abiria wako wapi?"

"Abiria wa nini? Mimi ndiye mwenye gari."

"Wewe kaa hapo. Mimi iko nataka abiria."

Kibanda changu cha chai na mihogo ya kuchemsha kilikuwa ubavuni mwa gereji yake pale Koboko, bati moja tu kati yetu, bati lenyewe lina matundu. Kwa miaka mingi nilimsikia akikohoa, akitukana, akiomba chumvi. Mambo yake nayajua kuliko nijuavyo ya jirani niliyenaye sasa huku Ayivu. Lakini ukiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, nitaanza kusema jambo moja na kumaliza kwa jingine. Sijui kwa nini. Labda tatizo ni langu. Labda ni lake.

Habari ya abiria aliwahi kunieleza, siku ambayo hakuwa na hasira. Alisema mwenye gari ana aibu ya gari yake kama mzazi mwenye mtoto mwizi. Ukimwuliza ilianza lini, atasema jana, kumbe ni tangu mwaka uliopita. Ukimwuliza mafuta alinunua wapi, atataja kituo kikubwa cha Arua, kumbe alinunua kwenye chupa barabarani. Abiria hana la kuficha. Abiria ameketi, amechoka, hana kazi ila kuona na kusikia.

Nilicheka. Nilidhani ni uvivu, anatafuta sababu ya kunywa chai yangu na watu wapya. Halafu siku moja ikaletwa gari ndogo ya abiria, imekufa kabisa, ukigeuza ufunguo haisemi hata "ng'a". Dereva anaapa kwamba stata imeungua. Fundi akampita, akamwendea mama mmoja aliyekuwa na kuku wawili kwenye kapu, amenuna, anataka kufika kwake.

"Mama, njiani uliona nini?"

"Niliona mashimo."

"Kwenye mashimo?"

"Kila tukiruka shimo redio inakufa. Tukitua inafufuka. Nilikuwa nasikiliza mahubiri, wameyakatakata yote."

Fundi hakuuliza tena. Alifungua boneti, akashika kile kibano cha waya juu ya betri, kikazunguka mkononi mwake kama pete kwenye kidole chembamba. Akakikwangua kwa kisu, akakikaza, akasema, "Washa." Ikawaka. Mama wa kuku akapanda bila kumpongeza mtu. Fundi akanigeukia mimi, si dereva, akasema neno lake la kila siku: "Mimi nilijua."

"Ulijua nini? Si mama huyu amekwambia?"

"Nilijua atajua."

Ndivyo alivyokuwa. Hakuna siku aliyokubali kwamba hakujua kitu. Nisikudanganye kwamba alipatia kila mara, maana nimesikia watu wakimsifu kama malaika wa chuma. Alikosea sana, na alipokosea ndipo alipokuwa na sauti kubwa zaidi. Kuna siku aliletewa gari ya mfanyabiashara mmoja kutoka upande wa Kaya, mtu mrefu, mpole, mwenye suti ya rangi ya udongo. Fundi akafungua mipira ya mafuta, akafungua chujio, akafungua bomba, akatandaza vyuma juu ya gunia mpaka gereji ikafanana na duka. Jua likahama kutoka upande mmoja wa bati hadi mwingine. Mwisho yule mpole akainama, akagonga tangi kwa kidole. Likalia kama debe. Halikuwa na mafuta hata tone.

Watu wote wa gereji wakaangalia chini. Mimi nikaingia kibandani ili nichekee huko.

"Yalikuwepo," Fundi akasema. "Yamekwisha nikiwa nafungua."

"Lakini, Mzee, gari haikuwaka."

"Ndiyo. Kwa sababu yalikuwa karibu kwisha. Mimi nilijua."

Yule mtu wa Kaya akatikisa kichwa, akaenda kununua dizeli, akarudi, wakafunga vyote, ikawaka. Alipokuwa anaondoka alimshika Fundi mkono kwa mikono yake miwili, kwa heshima kabisa. Nikajiuliza: ameona nini kwa huyu mzee ambacho mimi sioni? Au ameona ninachokiona, akamhurumia?

Mdomo wake ulikuwa mchafu kuliko ovaroli yake. Aliwaita wateja majina. Mwenye kuendesha kwa kasi alimwita "bwana harusi". Mwenye kubeba mizigo kupita kiasi alimwita "punda wa punda". Mimi aliniita "Mama Moshi" kwa sababu ya jiko langu, eti linampofusha asione waya. Nami nikamwita mzee wa kupangusa mikono mitupu. Tuligombana karibu kila wiki, na Jumapili nikifunga kibanda aliniuliza kesho yake kwa nini sikuja, kama kwamba hajui Jumapili ni nini.

Na uniamini kwa hili: hakujua kuendesha gari. Mtu aliyefufua malori ya kwenda Juba alikwenda kwake kwa baiskeli, na baiskeli yenyewe aliisukuma kwenye kilima kidogo tu. Nilimwuliza. Akasema anayeendesha huiharibu gari, na yeye hawezi kuharibu na kutengeneza kwa siku moja. Nikamwambia hiyo si sababu, huo ni woga. Akasema, "Mama Moshi, wewe iko napika chai. Umeshawahi kuingia ndani ya birika?" Nilifikiri jibu siku nyingi na sijalipata.

Kazi alijifunza wapi? Hapo ndipo utachanganyikiwa kabisa. Aliniambia mimi kwamba alifundishwa jeshini. Alimwambia pasta mmoja, mimi nikiwa nasikia kwenye tundu la bati, kwamba jeshi hajawahi kulikaribia hata kwa kuomba maji. Wateja wa kutoka Kongo aliwaambia alifundishwa na mzungu mmoja wa misheni, na akawasemesha kwa namna yao, "mutu huyu, mutu yule", mpaka wakamdhania ndugu. Nilipombana, alisema yote ni kweli. Nikasema haiwezekani. Akasema, "Kwani mtu anajifunza mara moja?"

Lakini lililonisumbua zaidi ni mambo ya wafu na ya uchawi.

Siku moja lori la maharage kutoka Ajia lilikufa mbele ya gereji yake. Mwenye lori, badala ya kumwita Fundi aliyekuwa hatua chache tu, akaleta mtu wa kunyunyiza unga kwenye matairi, ati jirani amelifunga kwa uchawi. Fundi akachukua ufagio wangu bila kuniomba, akafagia ule unga wote mpaka kwenye miguu ya yule mtu. "Hii chuma haina shangazi," akasema. "Haina shamba, haina mke wa pili. Nani aiwekee wivu?" Watu wakacheka, mwenye unga akaondoka na kikapu chake. Nikasema moyoni, huyu ni mtu wa akili kavu, haamini kitu.

Haukupita muda ikaletwa gari ambayo mtu alifia ndani, kwenye ajali ya barabara ya Arua. Haikuwa imeharibika sana. Fundi akaisogelea, akasimama, akarudi nyuma. Akakataa. Mwenye gari akabembeleza, akaongeza maneno, Fundi akakaa kwenye tairi lake kuukuu la kukalia kama jiwe. Ilibidi waioshe kwa maji, wamlete mtu wa kuomba, wafungue milango yote na kuiacha wazi. Ndipo akaingia.

"Wewe si ulisema chuma haina shangazi?" nikamwuliza.

"Chuma haina."

"Sasa?"

"Kiti kinaye."

Haya, elewa wewe. Mimi nilimwuzia muhogo wake.

Miguu yangu ilipoanza kuvimba niliacha kibanda, nikarudi Ayivu. Namba yake nilikuwa nayo kwenye simu yangu ndogo, ingawa sikuwa na sababu ya kumpigia. Sababu ikaja na msiba.

Nina mjukuu, binti wa binti yangu, niliyemlea mwenyewe tangu akitambaa. Sisemi kwa sababu ni wangu: huyo mtoto ni mwanamke kweli kweli. Anainua gunia la muhogo kama anamwinua mtoto, na akikuamkia unajisikia umepewa kiti. Aliolewa kwenye boma moja mbele kidogo ya Koboko. Mama mkwe wake akapigwa na ule ugonjwa wa kufisha upande mmoja wa mwili. Nani alimwogesha? Mjukuu wangu. Nani alimgeuza asioze mgongo? Mjukuu wangu. Binti za yule mama walikuja na matunda, wakalia kidogo, wakaondoka. Alipozidiwa akapelekwa hospitali ya Arua, na mjukuu wangu akalala sakafuni chini ya kitanda chake. Asubuhi moja akatoka kununua uji. Aliporudi na kikombe, mama mkwe amekwisha kufa.

Basi mtoto mkubwa wa marehemu, huyo shemeji wa mjukuu wangu, mtu wa kupitisha mizigo mpakani Oraba, mwenye simu mbili na sauti moja kubwa, akakamata neno hilo. Alisema mbele ya watu, nami nikiwepo, pale pale nje ya hospitali: "Mama amekufa peke yake kama mtu hana watu. Huyu alimwacha. Tukizika, arudi kwao. Watoto watabaki kwetu." Mume wa mjukuu wangu alikuwa nyumbani na wachimba kaburi, na hata angekuwepo, mbele ya kaka yake ana mdomo wa kulia chakula tu. Nilijua kwamba likisemwa tena kaburini, wazee wakiwepo, litakuwa limekwisha. Mjukuu wangu angerudi kwangu mikono mitupu na maziwa yamejaa kifuani.

Shemeji aliazima gari ya heshima kumbeba mama yake, ile ndefu kidogo ya nyumbani, otomatiki, yenye kijana wa kuiendesha aliyezoea malori. Jeneza lilikuwa refu. Wakalaza viti vya upande wa kushoto, wakaliingiza miguu mbele, na mlango wa nyuma ukakataa kufunga. Watu wakasema tuufunge kwa kamba. Shemeji akakataa: mama yake hawezi kuingia nyumbani mlango unapepea kama gari ya ndizi. Akalisukuma kwa bega mpaka ncha ikafika karibu na dashibodi, akafunga mlango, akatandika shuka jeupe juu ya vyote. Mimi nikawekwa nyuma ya dereva, goti langu limegusa mbao. Mjukuu wangu na waombolezaji wengine walipanda pikapu iliyotufuata.

Tulipokaribia Koboko mbuzi wakakatiza. Kijana akakata kona, akakanyaga breki, akawakosa. Matawi ya ishara ya msiba tuliyofunga mbele ya gari yakaanguka. Shemeji akasema tusimame tufunge mengine, si vizuri kufika hivi. Kijana akaegesha, akazima. Wakakata matawi, wakafunga. Kijana akageuza ufunguo.

Kimya. Hata kukohoa haikukohoa.

Akageuza tena. Akafungua boneti, akaangalia kama mtu anayeangalia kisima. Wanaume wakasukuma, gari ikaenda vizuri tu, matairi yakazunguka, injini haikujali. Wakasukuma tena mpaka mashati yakalowa. Ndipo mama mmoja kwenye pikapu akasema lile neno ambalo kila mtu alikuwa nalo kinywani: "Amekataa."

Huku kwetu gari yenye maiti ikisimama, watu huongea na marehemu. Nimeona mara nyingi. Mzee mmoja wa boma akaja dirishani, akavua kofia. "Mama, tunakupeleka kwako. Kaburi liko tayari, watu wamekaa juani. Kwa nini unatusumbua?" Dereva akageuza ufunguo. Kimya.

Shemeji akanyoosha mgongo. "Kuna mtu hapa ambaye mama hataki kusafiri naye," akasema. "Mwenyewe anajijua. Ashuke. Arudi alikotoka, mtaona kama gari haitawaka."

Hakumtaja. Haikuhitajika. Macho yote yakaenda kwenye pikapu. Mwanamke mmoja, bila hata kuambiwa, akainua kifurushi cha mjukuu wangu na kukishusha kwenye vumbi. Mjukuu wangu akashuka akakifuata. Hakulia. Alisimama tu, na mimi niliyekuwa ndani nikatafuta mlango kama kipofu, nikatoka, nikatoa simu.

"Fundi, kuja. Gari imekataa."

"Mama Moshi? Bado uko hai? Gari ya nani?"

"Iko na maiti ndani."

"Abiria wako wapi?"

"Mmoja amekufa, wengine iko nagombana. Kuja haraka."

Alikuja kwa boda, amezeeka, ndevu zimekuwa kama majivu, lakini ovaroli ilikuwa ile ile, naapa. Akasalimia, akatoa pole kwa kila mtu mpaka kwa kijana dereva. Shemeji akasema hapa hakuna kazi ya spana, mama amekataa. Fundi akamwambia kijana, "Piga honi."

Honi ikalia mpaka watoto wa nyumba za jirani wakatoka. Fundi akatikisa kichwa. Betri iko nzima.

"Mumesukuma?"

"Tumesukuma."

"Ikaenda?"

"Ikaenda."

"Hm. Toa ufunguo."

Kijana akavuta. "Umekataa kutoka, Mzee."

"Naona na ufunguo umekataa," shemeji akasema.

Fundi akanigeukia mimi. "Mama Moshi, wewe ulikuwa ndani. Sema."

Nikamweleza mbuzi, kona, breki. Akaniuliza jeneza lilikuwaje. Nikasema, "Kabla ya mbuzi lilinigusa goti. Baada ya mbuzi halikunigusa tena."

Akaenda mlango wa mbele, akainua lile shuka jeupe polepole, kama anamfunua mgonjwa. Tukaona wote. Ncha ya jeneza, upande wa miguu, ilikuwa imeteleza mbele na kukaa mshazari, imelala kabisa juu ya mahali ambapo mkono wa gia hufika gari ikiegeshwa. Kijana alikuwa amesukuma gia, ikagota kwenye mbao, naye akadhani imefika.

"Gia haikufika mwisho," Fundi akasema. "Gari ya otomatiki gia isipofika mwisho haiwaki, na ufunguo hautoki. Ndiyo sababu ilisukumika. Hakuna kingine. Mimi nilijua."

Nikapumua. Nikasema moyoni, yamekwisha, ni mbao tu. Nikainama niokote kifurushi.

Shemeji akapiga kofi hewani. "Mnaona? Mnaona wenyewe? Mguu wa mama uko kwenye gia! Ameweka mguu! Kwa mguu wake mwenyewe amezuia gari!"

Watu wakasema "Eeeh!" kwa sauti moja. Fundi aliyekuja kuondoa lile neno alikuwa amelipigilia msumari. Nilimwangalia. Alikuwa amefungua mdomo, na hakuna kitu kilichotoka. Mtu yule, ambaye tangi tupu halikumnyamazisha! Akapangusa mikono, kulia, kushoto, tena kulia. Akaangalia gia, akaangalia kifurushi kwenye vumbi, akamwangalia yule aliyesimama nacho.

"Ni wewe ulikuwa unamwogesha?" akamwuliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Mguu uliokufa, ulikuwa unafanyaje akunje?"

Mjukuu wangu hakuelewa. Mimi pia sikuelewa. Shemeji akasema, "Wewe fundi, hayo yanakuhusu nini?"

"Bwana, wewe umesema ni mguu. Mimi iko nauliza mtu anajua mguu," Fundi akasema. Kisha akamrudia mjukuu wangu, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kupitia lile bati: "Mama, ulikuwa unamwambiaje?"

"Nilimwambia..." Akainua kiganja, kama anaushika ule mguu. "Nilimwambia, 'Mama, kunja kidogo, nipite.'"

"Kuja hapa. Mwambie."

Akaja. Watu wakampisha. Shemeji akasimama kama anayetaka kuzuia, lakini angezuia nini? Ni yeye aliyetangaza kwamba mama anasikia. Fundi akamtuma shemeji nyuma afungue mlango na ashike kichwa cha jeneza, kwa kuwa yeye ni mtoto mkubwa, na wanaume wengine wamsaidie. Mjukuu wangu akaweka kiganja juu ya mbao, pale miguuni, akainama karibu kama mtu anayeongea na mlevi wa usingizi.

"Mama, kunja kidogo. Nipite."

"Vuta," Fundi akasema.

Wakavuta. Mbao ikakwaruza, ikasogea, ikanyooka. Fundi akasukuma gia. Tukasikia ikiingia, "tak". Kijana akageuza ufunguo, na injini ikawaka mara moja, laini, bila moshi.

Mjukuu wangu ndipo akalia, na akalia sana, akiwa bado ameinama juu ya jeneza. Yule mzee wa kofia akasema, kana kwamba anajiambia mwenyewe, "Amemsikia." Mwanamke aliyeshusha kifurushi akakiokota, akakipangusa vumbi kwa upande wa gauni lake. Naye shemeji alikuwa ameshika mlango wa nyuma ambao sasa, mbao ikiwa imerudi nyuma, haukuweza kufungwa tena. Ukafungwa kwa kamba. Tulifika bomani unapepea, na mjukuu wangu aliketi ndani, karibu nami, mkono wake juu ya shuka. Kaburini shemeji aliongea habari za mama yake tu. Habari ya mtu kurudi kwao haikusemwa siku ile wala baadaye.

Haya. Ningeishia hapo ningekuwa na amani. Lakini nilikutana na yule kijana dereva sokoni Arua. Akanisalimia vizuri, akasema, "Dede," ndivyo watoto wa kwetu wanavyotuita sisi bibi, "siku ile tulihangaika bure. Gari ile ingewaka kwa nyutro. Ungeweka tu gia katikati, jeneza likae pale pale, inawaka. Nimekuja kuambiwa na mwenye gari."

"Fundi anajua hilo?"

"Dede, kila fundi anajua hilo."

Sikulala vizuri na neno hilo. Kwa hiyo nilipotoka kumwona mjukuu wangu, nilishuka Koboko, nikaenda gereji. Kibanda changu kinauza laini za simu sasa. Fundi alikuwa kwenye tairi lake. Nikampa unga wa muhogo aliotumiwa na mjukuu wangu, akaunusa, akauweka kando.

"Anaendeleaje?"

"Yuko kwake na watoto wake. Shemeji amemletea miti ya kujengea jiko."

"Vizuri."

"Fundi," nikasema, "siku ile gari ingewaka kwa nyutro."

Akaangalia barabara. "Ndiyo."

"Sasa kwa nini ulimfanya mtoto yule aongee na jeneza?"

"Nilisahau nyutro."

"Wewe?"

"Nimezeeka, Mama Moshi. Nilisahau."

Nikamtazama vizuri. Miaka yote ile sikuwahi kulisikia neno hilo kwake. Kama amesahau kweli, basi mzee amekwisha, na mtoto wangu ameokolewa na usahaulifu. Kama hakusahau, basi alidanganya watu wazima mbele ya maiti, yeye anayeogopa hata kiti cha marehemu. Au hakudanganya? Yule mama alisogea au hakusogea? Nilitaka kumwuliza anaamini nini hasa, na nikaona kwamba sijui hata namna ya kuliuliza.

Hapo ikaletwa gari ya otomatiki, inasukumwa na vijana watatu na mwanamke mwenye viatu mkononi. Mwenye gari akaanza kueleza habari ya stata. Fundi hakuinuka. Hakuuliza abiria.

"Weka nyutro," akasema, "washa."

Ikawaka.

Vijana wakashangilia. Mimi nikamgeukia, nikamkazia macho. Alikuwa amekwisha kuchukua kitambaa chake, anapangusa mikono.

"Si wewe umenikumbusha sasa hivi?" akasema.